Mtaro wa Mita Tisa: kusoma XML kwa lugha yenye aina tuli

Wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii, walimu, wanafunzi, na ninyi ndugu zangu mlioacha shughuli za Jumamosi mkaja kukaa nasi ukumbini: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kusoma mafaili ya XML, yaani mafaili ya maandishi ambamo kila kipande cha data kimewekewa jina lake, kwa lugha za programu zenye aina tuli, yaani lugha ambazo kila kitu lazima kijulikane ni cha aina gani, namba au maandishi au kingine, kabla programu haijaanza kazi. Naomba nianzie Tandale, hapa Dar es Salaam, kwenye mtaro.

Uko mtaro mmoja unaopita nyuma ya nyumba ukielekea mashariki. Si mkubwa. Kiangazi watoto wanauruka. Masika ukijaa, maji yanaingia vyumbani na watu wanapandisha magodoro juu ya makabati. Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ya kupima urefu wa mitaro ya eneo lile kutoka kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya dunia inayochorwa na watu wenyewe. Kompaila, yaani programu inayokagua na kutafsiri msimbo kabla haujaanza kazi, iliikubali bila onyo hata moja. Programu ikasoma faili lote, ikatoa jedwali safi: mtaro, urefu wake kwa mita, na jumla chini. Nikachapa, nikalipeleka kwenye kikao cha mtaa. Watu walikuwa wanataka kuamua mitaro ipi izibuliwe kwanza kabla ya mvua, na fedha ya vibarua ilikuwa igawanywe kwa kufuata urefu.

Mzee mmoja, mkazi wa pale tangu ujana wake, akavaa miwani, akalifuata lile jedwali kwa kidole mpaka alipoufikia mtaro wake. Akaniuliza, "Mwanangu, huu ndio huu wa nyuma kwangu?" Nikamwambia ndio, mzee wangu. Akasema, "Umeandika mita tisa. Mimi kila alfajiri natembea kando yake kwenda msikitini. Mita tisa sijafika hata kwa jirani."

Mtaro ule una zaidi ya mita mia moja na hamsini.

Data yenyewe haikuwa na shida. Mradi wa Ramani Huria ulipoanza hapa Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia mitaani pamoja na wakazi, wakapita vichochoro vya kata zinazofurika, wakachora nyumba, njia na mitaro, wakaweka kila kitu kwenye OpenStreetMap ambako mtu yeyote anaweza kukichukua. Watu wale walitembea juani na kwenye tope ili nukta moja ikae mahali pake. Nukta zilikuwa sahihi mpaka zilipofika kwenye programu yangu. Ndiyo maana jambo hili linaniuma hadi leo, na ndiyo maana nimekubali kusimama hapa.

Tuliangalie faili. OpenStreetMap hutoa data yake kwa XML, na sura yake ni hii. Namba nimezitunga kwa ajili ya mfano:

```
<node id="101" lat="-6.7932000" lon="39.2411000"/>
<node id="102" lat="-6.7932310" lon="39.2419000"/>
<way id="55">
  <nd ref="101"/>
  <nd ref="102"/>
  <tag k="waterway" v="drain"/>
  <tag k="width" v="60 cm"/>
</way>
```

Kila `node` ni nukta moja juu ya uso wa dunia, ina latitudo na longitudo. Kila `way` ni mstari unaopita kwenye nukta, na haubebi nukta zenyewe, unabeba namba zake tu. Zile `tag` ndizo zinazosema mstari huu ni kitu gani: hapa ni mtaro, na upana wake umeandikwa.

Wapo vijana wanaoniambia XML ni ya zamani, imezeeka. Ni kweli ilipitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, tarehe 10 Februari 1998, ikizaliwa kutoka SGML, kiwango cha ISO cha mwaka 1986. Lakini ukifungua hati ya Word yenye mwisho wa docx kwa programu ya zip, ndani unakuta XML. Fomu za ODK ambazo watafiti wetu wanazijaza kwa simu vijijini ni XML, na majibu yanayorudi ni XML. Njia uliyoirekodi kwa GPS ikatoka kama faili la GPX, nayo ni XML. Mtu anayefanya kazi na data za watu wengine hachagui, anasoma alicholetewa.

Lugha niliyotumia ni Go. Ilitangazwa mwaka 2009 na toleo lake la 1.0 likatoka Machi 2012, na maktaba ya kusoma XML inakuja ndani ya lugha yenyewe. Unaandika muundo wenye nyuga, yaani nafasi zenye majina za kuwekea data, na pembeni ya kila uga unaandika jina la kitu kinacholingana nao kwenye faili. Maktaba inasoma faili na kujaza nyuga. Hivi ndivyo nilivyoandika:

```
type Nukta struct {
    ID  int64   `xml:"id,attr"`
    Lat float64 `xml:"lat,attr"`
    Lon float64 `xml:"lng,attr"`
}
```

Tazameni uga wa tatu. Faili linasema `lon`. Mimi nimeandika `lng`. Miezi kadhaa kabla ya hapo nilikuwa natengeneza ramani za kwenye tovuti kwa maktaba ya Leaflet, na kule longitudo inaitwa `lng`, sawa na kwenye Google Maps. Vidole vilishazoea.

Sasa kompaila ilifanya nini? Ilihakikisha `Lon` ni namba ya desimali. Ilihakikisha kila mahali ninapoitumia naitumia kama namba. Ningejaribu kuijumlisha na maandishi ingenikatalia pale pale. Lakini yale maneno yaliyo kati ya alama za nukuu, kwa kompaila ni maandishi tu. Haijui faili lina nini. Hata `go vet`, ile zana ya ukaguzi inayokuja na Go, inaangalia kama maandishi yale yamepangwa vizuri, na inakuonya kama uga wako umeanza kwa herufi ndogo na hivyo maktaba haitaweza kuujaza. Haiwezi kujua kwamba ulitaka kuandika `lon`.

Na maktaba ilipofungua faili ilikuta sifa inaitwa `lon`, ikatafuta uga wa jina hilo, haikuuona, ikaiacha. Kisha uga wangu uliokuwa unasubiri `lng` haukupata kitu, ukabaki na thamani yake ya kuzaliwa, ambayo kwa namba za Go ni sifuri. Hakuna kosa lililorudishwa. Hakuna hata mstari mmoja kwenye skrini.

Tandale yote ikahamia kwenye longitudo ya sifuri, katikati ya bahari ya Atlantiki. Kama ningechora ramani ningeliona siku hiyo hiyo. Sikuchora. Nilipima urefu tu, na urefu hauangalii uko wapi, unaangalia tofauti kati ya nukta na nukta. Nukta zote zilipokuwa na longitudo moja, kilichobaki kupimwa ni kaskazini na kusini peke yake. Zile nukta mbili za mfano wetu ziko umbali wa mita 88 hivi. Ondoa longitudo, zinabaki mita tatu na nusu. Mtaro unaokwenda kaskazini ulipimwa sawasawa kabisa. Mtaro unaokwenda mashariki, kama wa yule mzee, ulikaribia kufutika.

Na jumla? Hapa ndipo pabaya zaidi. Mitaro ikielekea kila upande bila mpangilio, ukiondoa mwelekeo mmoja, jumla inashuka hadi mbili gawanya kwa pai, yaani kama asilimia 64 ya urefu wa kweli. Asilimia 64 haishtui mtu. Jumla iliyokuwa chini ya jedwali langu ilikuwa namba ya heshima, namba inayoaminika, na ilikuwa imepoteza theluthi ya mitaro ya watu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Naomba niseme jambo moja waziwazi, kwa sababu sisi wapenzi wa lugha za aina tuli tuna tabia ya kujisifu. Kama ningeiandika programu ile kwa Python, nikaomba sifa `lng` kwa jina kwenye kila elementi, ingeanguka kwenye nukta ya kwanza kabisa na kuniambia sifa hiyo haipo. Lugha isiyo na ukaguzi wa aina kabla ya kazi ingenikamata mapema kuliko Go. Jambo hili lilinikosesha raha kwa siku nyingi. Nilikuwa nimeichagua Go kwa ajili ya usalama, na usalama wenyewe ndio ulionilaza.

Nilichokuja kukielewa ni hiki. Aina tuli inalinda kile ulichokitamka. Mimi nilipoandika `float64` nilitamka kwamba kila nukta ina longitudo, daima, bila shaka. Huo haukuwa ukweli wa faili, ulikuwa matumaini yangu. Faili la XML ni maandishi yaliyoandikwa na mtu mwingine, kwa programu nyingine, pengine miaka kumi iliyopita. Haliapi chochote. Nilimpa kompaila kiapo kwa niaba ya faili, naye akakishika kwa uaminifu mpaka mwisho.

Basi siku hizi naandika aina mbili. Ya kwanza naiita ghafi, kama tunavyosema mafuta ghafi. Ni ya kile kilichoingia, kama kilivyoingia:

```
type nuktaGhafi struct {
    ID    *int64     `xml:"id,attr"`
    Lat   *float64   `xml:"lat,attr"`
    Lon   *float64   `xml:"lon,attr"`
    Ziada []xml.Attr `xml:",any,attr"`
}
```

Ile nyota inafanya uga uwe kielekezi, yaani usibebe namba yenyewe bali uonyeshe mahali namba ilipo. Kielekezi kisichopata kitu kinabaki `nil`, na `nil` si sifuri. Sifuri ni jibu. `nil` ni kutokuwepo kwa jibu. Hapo tu tayari tumeyatenganisha mambo mawili ambayo kwenye msimbo wa kwanza yalikuwa yamelala kitanda kimoja. Ule uga wa mwisho, `Ziada`, unakusanya kila sifa ambayo haikupata mahali pa kukaa. Maktaba ya Go ya kusoma JSON, muundo mwingine wa data, ina amri ya kukataa nyuga zisizojulikana, ya XML haina, kwa hiyo mtego huu unautega mwenyewe. Naangalia kilichomo, naondoa yale ninayoyategemea kama `version`, `timestamp` na `changeset`, na kikibaki kingine napiga kelele. Kama ningekuwa na uga huo siku ile, `lon` ingekutwa imekaa kwenye ziada kwenye nukta ya kwanza.

Aina ya pili ni `Nukta` safi, yenye namba za kawaida zisizo na nyota. Na kuna kazi moja tu, moja katika programu nzima, inayopokea ghafi na kutoa safi au kosa. Inauliza: namba ipo? Latitudo ipo, na iko kati ya hasi 90 na 90? Longitudo ipo, na iko kati ya hasi 180 na 180? Ukishavuka pale, hakuna mtu mwingine ndani ya programu anayehitaji kuuliza tena. Anayeandika hesabu ya urefu anapokea `Nukta`, hawezi kupewa ghafi hata kwa bahati mbaya, kompaila inamkatalia. Na hapa ndipo ninapoirudia Go kwa moyo mweupe. Nilipobadilisha `float64` kuwa kielekezi, kompaila ilinionyesha kila mstari uliokuwa unaitegemea ile ahadi ya uongo, faili kwa faili, mpaka nikaimaliza. Programu ya mistari elfu kadhaa niliirekebisha jioni moja bila kuacha kona. Kwa Python ningetegemea kumbukumbu yangu, na kumbukumbu yangu ndiyo iliyoandika `lng`.

Lugha nyingine zinalishika jambo hili kwa namna zake. Kwenye Rust, ukitumia maktaba ya serde, uga uliotangazwa kuwa namba ni lazima upatikane. Usipopatikana usomaji unakatika, na unatajiwa uga uliokosekana. Ukitaka uruhusiwe kukosekana unaandika `Option`, na hapo kompaila haikuachii mpaka useme utafanya nini pale ambapo hakuna. Naona huo ndio mpangilio bora, kwa sababu anayenyamaza ndiye anayedaiwa maelezo. Java, ukiwa na faili la skima, yaani linaloeleza XML yako inatakiwa iwe na nini, na ukaiachia zana ya JAXB ikutengenezee madarasa, sifa iliyo ya lazima inatoka kama `int` na ya hiari inatoka kama `Integer` inayoweza kuwa tupu. F# inayo maktaba inayosoma faili la mfano na kutengeneza aina wakati wa kompaili; ni jambo zuri, ila mfano wako ukiwa mwembamba na aina zako zitakuwa nyembamba.

Sasa, ndugu zangu, ile sifuri ina tabia ya kurudi kupitia mlango mwingine. Nisikilizeni vizuri hapa, maana ilinipata mara ya pili.

Mafaili haya ni makubwa. Faili la dunia nzima la OpenStreetMap likifunguliwa kuwa XML linapita terabaiti moja. Hulisomi lote kwenye kumbukumbu ya kompyuta kwa mkupuo, unalisoma kipande kwa kipande: Go inakupa `Decoder`, unamwomba alama inayofuata, ukikutana na mwanzo wa `node` unamwambia asome elementi hiyo moja hadi mwisho wake, unaitumia, unaiacha, unaendelea. Nukta hutangulia, mistari hufuata. Mimi hupita mara mbili. Mara ya kwanza nachukua mistari ya mitaro tu na kuandika kando namba za nukta inazozihitaji. Mara ya pili nachukua nukta hizo na kuziacha nyingine zote. Kompyuta ndogo ya mwanafunzi inaweza kazi hiyo.

Lakini watu wengi hawatumii faili la dunia, wanakatiwa kipande cha nchi au cha mji. Mkasi unapopita mpakani unakata mistari. Mstari unaweza kubaki ndani ya kipande chako huku baadhi ya nukta zake zimebaki nje. Nawe unazo nukta kwenye `map` ya Go, ile hifadhi ya kutafutia kitu kwa namba yake, unaomba nukta kwa namba yake. Haipo. Go inakurudishia nini? Inakurudishia nukta yenye sifuri mbili. Latitudo sifuri, longitudo sifuri: mahali pale ni Ghuba ya Guinea, baharini. Kutoka Dar es Salaam mpaka pale ni zaidi ya kilomita 4,400. Mtaro wenye nukta moja ya namna hiyo katikati unakwenda baharini kusini mwa Ghana na kurudi, kilomita 8,800. Angalau kosa hilo linaonekana. Dawa yake ni ya kuandika kila siku: unapoomba, omba majibu mawili, nukta na habari kama ipo. `n, ipo := nukta[ref]`. Usiombe jibu moja. Na anayefanya kazi na mafaili ya historia ajue pia kwamba nukta iliyofutwa huandikwa bila `lat` wala `lon`. Haikukosewa, ndivyo ilivyo. Kwa hiyo hata mwenye kuandika `lon` kwa usahihi kabisa anaweza kufika Ghuba ya Guinea.

Kuhusu ukubwa wa namba sitakaa sana. Namba za nukta za OpenStreetMap ziliipita 2,147,483,647 mwaka 2013, na hiyo ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoingia kwenye biti 32 zenye alama ya chanya au hasi. Andika `int64`. Usiandike `int` ukitegemea mashine, kwa sababu kwenye mashine ya biti 32 `int` ya Go nayo ni 32. Na longitudo usiiweke kwenye `float32` ili kubana nafasi. Kwenye longitudo yetu ya 39, hatua kati ya namba moja na inayofuata ni kama sentimita 42 ardhini. Huo ni karibu upana wa mtaro wenyewe.

Nimefika kwenye upana, na hapa aina tuli inahitaji msaada wetu kuliko mahali pengine. Kumbukeni ile `tag`: `k="width"`, `v="60 cm"`. Kwa XML hayo ni maandishi. Kwa muundo wa Go nayo ni maandishi, maana `v` hubeba kila kitu, jina la barabara, rangi ya jengo, upana wa mtaro. Kichanganuzi, yaani kile kinachosoma XML na kuigawa vipande, kimemaliza kazi yake, hakina kosa, na bado hujui upana. Wako walioandika "0.6", na mapatano ya OpenStreetMap ni kwamba namba isiyo na kipimo ni mita. Wako walioandika "60 cm". Wako walioandika "0,6" kwa mkato. Yupo aliyeandika "60" akimaanisha sentimita, na mtaro wake kwa programu yangu ungekuwa na upana wa barabara ya njia nane na zaidi.

Nilitengeneza aina inaitwa `Mita` na nyingine inaitwa `Sentimita`. Zote mbili ndani yake ni `float64`, lakini Go haikubali uzijumlishe bila kubadilisha moja kwanza. Ni mistari miwili ya msimbo, na imeniokoa mara nyingi kuliko maktaba yoyote. Kazi ya kusoma upana inapokea maandishi na kurudisha `Mita` au kosa, na lile kosa linabeba namba ya mstari wa ramani, ili mtu aende akasahihishe kwenye OpenStreetMap yenyewe. Sikubali kulirekebisha kimyakimya ndani ya programu yangu na kumwachia mwingine alikute kesho. Na majina ya aina nayaandika kwa Kiswahili, `Nukta`, `Mtaro`, `Mita`, kwa sababu wanaousoma msimbo huu ni ninyi, na mtu anayeona kosa kwa lugha anayoiota usiku analiona haraka zaidi.

Jambo la usalama nisilipite. XML inaruhusu mtu kujitungia vifupisho ndani ya faili, na kifupisho kiite kifupisho. Faili lisilofika kilobaiti moja linaweza kutanuka hadi karibu gigabaiti 3 za maandishi na kuiangusha seva. Shambulio hilo ni la zamani na bado linafanya kazi kwenye vichanganuzi vilivyoachwa wazi. Go haitanui vifupisho vya kujitungia, ikikutana na kisichojulikana inatoa kosa. Java ni lazima uizuie mwenyewe isifuate vifupisho vinavyoelekeza kwenye mafaili ya nje, kwa maana vichanganuzi vyake vingi huvifuata usipovikataza. Ukipokea XML kutoka kwa watu usiowajua, hilo liwe la kwanza kulikagua.

Na moja la mwisho la kiufundi kwa wanaotumia `Decoder`. Alama ya maandishi anayokupa ni baiti anazozimiliki yeye. Ukiomba alama inayofuata, zile za kwanza zinaweza kuandikwa juu. Aina yake kwa ndani ni `[]byte` na haikuambii hilo popote, imo kwenye maelezo tu. Nakili kwanza. Rust ingekukatalia kuzishikilia, kwa sababu muda wa kuishi wa data ni sehemu ya aina. Kila nikizilinganisha lugha hizi swali langu ni moja: aina yake inatamka nini, na inanyamazia nini?

Nilirudi Tandale baada ya wiki mbili na jedwali jipya. Mtaro wa mzee ulikuwa na mita 163. Alisoma, akatikisa kichwa kukubali, akaendelea na safu zilizofuata. Upana: sentimita 60. Kina: "haijapimwa".

Katika jedwali la kwanza safu hiyo ilikuwa na sifuri kwa kila mtaro, na hakuna aliyeiuliza. Safari hii mzee aliweka kidole pale pale. "Haijapimwa kwa nini?" Nikamweleza kwamba kwenye ramani hakuna aliyeandika kina cha mtaro huu, na programu sasa inasema hivyo. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na ufito na futi kamba ya fundi, akamwita mjukuu wake, tukaenda nyuma ya nyumba. Tulipima kwenye kivuko cha mbao. Sentimita 70 hadi chini, na 30 kati ya hizo zilikuwa mchanga na chupa za plastiki. Jioni ile niliingiza kwenye ramani: `k="depth"`, `v="0.7"`. Ule mchanga aliuandika mwenyewe, kwa kalamu, pembeni ya jedwali, kwa ajili ya kikao cha Jumapili.

Asanteni sana.